Njia Iliyozibwa

Veronicah alikuwa bado hajafukuzwa kazi, ila alishanyang'anywa funguo za chumba cha redio. Ilibidi Inspekta Lenah Kagwiria amwombe mlinzi wa lango awafungulie. Kilikuwa chumba kidogo cha mbao chenye dirisha moja, na dirishani yalionekana mashamba ya chai yakiteremka kuelekea Kianjokoma. Juu ya meza palikuwa na seti ya redio, maiki yake, na kikombe cha chai kilichoota ukungu.

"Keti vile ulikuwa umeketi hiyo siku," Kagwiria alimwambia.

Veronicah akaketi. Macho yake yalikuwa yamevimba. Sajini Runji, aliyekuja na Kagwiria kutoka Embu, alibaki mlangoni, kofia kwapani.

Jumamosi ya juma lililopita, Kivuti, mlinzi wa Mradi wa Msitu wa Kathima, alikatwakatwa kwa mapanga na watu waliokuwa wakiangusha miti ya muthaiti, ile yenye mbao ngumu ambazo wauzaji hununua bila kuuliza zimetoka wapi. Maiti yake ilipatikana Jumapili kando ya kijito. Mkononi alikuwa ameshika woki-toki. Betri ilikuwa imekwisha, na kidole gumba kilikuwa kimekakamaa juu ya kitufe cha kuzungumzia. Kwa hiyo aliita. Kagwiria alikuwa amepandishwa mlimani kutafuta ni kwa nini hakuna aliyekwenda.

Kijijini walikuwa na jibu tayari.

"Wanasema ulizima seti ukaenda kusukwa nywele," Kagwiria alisema.

"Nani anasema?"

"Kila mtu."

Veronicah alifungua kitambaa cha kichwani. Nywele zake zilikuwa zimenyolewa fupi kabisa, kama za mwanafunzi wa bweni.

"Nilinyoa Krismasi, Madam. Waniambie zilisukwa wapi."

Runji alikohoa kidogo akatazama nje.

"Funga kitambaa chako," Kagwiria alisema. "Uniambie ulichosikia."

"Mtu sikusikia. Unaona hii taa? Ikiwaka, ujue kuna mwenye ameshika njia. Tuko na njia moja tu, wote. Mmoja akibonyeza, wengine wanangoja amalize. Sasa baada ya chakula cha mchana ikawaka, ikakataa kuzima. Nikaita, mwenye njia achilia. Wapi! Nikaita tena na tena. Hakuna kitu."

"Na mtu akiwa na dharura?"

Veronicah alionyesha ukutani kwa kidole. Kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: MWENYE DHARURA APEWE NJIA. WENGINE WOTE WANYAMAZE. Chini yake palikuwa na sahihi ya Munene, mkuu wa mradi.

"Akisema dharura mara tatu, kila mtu anatoa kidole. Lakini yule ameshika njia, akiwa bado amebonyeza, hawezi kusikia. Na sauti ya seti kubwa inameza ya woki-toki."

"Ulimwambia mkuu wako?"

"Alikuwa mkutanoni Kianjokoma. Nilipiga simu kwa ofisi ya chifu wakamwita. Akaniambia huko juu kumenyesha, redio hufanya hivyo, ningoje tu. Nikangoja." Aligusa maiki kwa kidole. "Madam, mimi niliketi hapa nikingoja."

Kagwiria alimwacha afute macho kabla ya kuendelea. "Hiyo njia ilipokuwa imeshikwa, ilikuwa kimya kabisa?"

"Hapana. Kulikuwa na wimbo. Wanawake. Wanaimba ubeti mmoja, wanakosea, mtu anawagombeza, wanaanza tena."

"Pengine mtu alikuwa amewasha redio yake ya nyumbani," Runji alisema. "Kipindi cha dini."

"Kwaya ya redioni haikosei ubeti ule ule ikaanza tena, Sajini. Hao walikuwa wanajifunza." Kagwiria alimgeukia Veronicah. "Imba vile walikuwa wanaimba."

Veronicah aliimba kwa sauti ya chini, ubeti mmoja wa Kiembu. Alipofika katikati aliharakisha neno moja, kama wao walivyokuwa wakikosea.

Ofisi ya Munene ilikuwa ng'ambo ya ua. Alikuwa mtu wa makamo, mpole wa maneno, amevaa sweta ya kufumwa kwa mkono. Alisimama wageni walipoingia, akaagiza chai, akawauliza kama barabara ya kutoka Manyatta ilikuwa inapitika.

"Kivuti alikuwa kama ndugu yangu mdogo," alisema. "Nilisimamia mazishi mimi mwenyewe. Huyo msichana nimemhurumia, lakini Inspekta, watu wamekasirika. Siwezi kukaa naye."

"Mradi una seti ngapi?"

"Nne. Ya ofisini, ya gari langu, na woki-toki mbili za walinzi. Moja ilikuwa na Kivuti, ile nyingine na Elphas."

"Ya gari ilikuwa wapi Jumamosi?"

"Haikuwa kwa gari. Iliharibika. Tangu Alhamisi iko Meru kwa fundi, Koome. Hata sasa iko huko."

"Alhamisi ya kabla ya kifo?"

"Ya kabla. Labda ni ile ya Elphas ilikwama kitufe," Munene alisema, akimimina chai. "Hizi vitu ni za zamani. Alikuwa ng'ambo ya mgongo wa mlima, pengine aliilalia bila kujua. Simlaumu."

Kagwiria alikunywa chai nusu kikombe, akashukuru, akatoka. Walipofika kwenye gari, Runji alisema, "Ya Elphas inawezekana, Afande."

"Elphas alikuwa msituni. Tangu lini nyani wakawa na kwaya?"

Kanisa la Kathima lilikuwa chini kidogo ya ofisi, jengo la mawe lenye paa la mabati lililozungukwa na miti ya mukima. Mwalimu wa kwaya ya akina mama aliitwa Peninah, mama wa umri wa kati, na walimkuta akifagia ndani. Runji, aliyekuwa na sauti nzuri kuliko bosi wake, alimwimbia ule ubeti pamoja na kosa lake. Peninah aliacha ufagio.

"Nani amewafundisha vibaya hivyo?"

"Ni kwaya gani inaimba hivyo, mama?" Kagwiria aliuliza.

"Ni yetu. Hao wa sauti ya pili wanakimbia kila siku, hawangoji. Jumamosi hiyo Kivuti alikufa nimewagombeza mpaka nikachoka. Lakini huo wimbo hatujauimba mbele ya watu. Mliusikia wapi?"

"Siku hiyo kulikuwa na mtu hapa nje?"

"Mtu, hapana. Gari la Bwana Munene tu. Liliegeshwa hapa kwa ukuta, madirisha wazi kidogo juu. Yeye alitembea akapata mtu wa kumbeba mpaka Kianjokoma. Alisema linatoa moshi, hataki kulilazimisha."

"Gari lilikaa mpaka saa ngapi?"

"Tulimaliza tukaliacha. Mvua ilianza nikafikiria kumfungia madirisha, lakini milango ilikuwa imefungwa kwa funguo." Peninah aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Kwani gari limefanya nini?"

Kagwiria alimshukuru. Alitoka akasimama penye ukuta ambapo gari lilikuwa. Dirisha la kanisa lilikuwa karibu kiasi kwamba alimsikia Peninah akiokota ufagio.

"Kwa hivyo ile seti ilikuwa ndani ya gari," Runji alisema, "na yeye alikuwa mkutanoni mbele ya chifu. Nani alikuwa anabonyeza?"

"Twende Meru tukamuulize fundi."

Koome alikuwa na duka nyuma ya soko mjini Meru. Rafu zilijaa redio zilizofunguliwa matumbo. Alikuwa amefanya kazi ya mawasiliano jeshini kwa muda mrefu na bado alijibu maswali kama mtu aliyesimama mbele ya kamanda. Kagwiria, aliyezaliwa Nkubu, alimsalimu kwa Kimeru kwanza, kisha wakaendelea kwa Kiswahili kwa ajili ya Runji.

"Seti ya Munene wa Kathima unayo?"

"Hii hapa. Nimemaliza kuitengeneza, hajaijia."

"Aliileta lini?"

"Jumatatu."

"Si Alhamisi?"

"Jumatatu, Madam. Nakumbuka kwa sababu ndiye aliniambia mlinzi wake ameuawa Jumamosi. Nikampa pole. Akasema anataka hii kazi ifanywe haraka, kwa sababu wakora wako msituni."

Runji aliandika siku hiyo kwenye daftari.

"Ilikuwa na ugonjwa gani?" Kagwiria aliuliza.

"Iliungua. Hizi seti zimetengenezwa uongee kidogo, uachilie, usikilize. Ukiibonyeza muda mrefu inapata moto, kama sufuria mtu amesahau jikoni. Hii ilibonyezwa mpaka ikajiua yenyewe. Na kitufe cha maiki kilikuwa kimepinda, nikakibadilisha." Koome alivuta mkebe wa vyuma chini ya meza, akachakura, akatoa kitufe cheusi. "Kile cha zamani ni hiki. Ona hapa pembeni."

Kagwiria alikipokea kwa leso. Kwenye ufa wa plastiki kulikuwa kumenasa kipande chembamba cha mpira, ule wa tyubu ya baiskeli, ambao watu hukata kufungia mizigo.

"Mtu alikifunga," alisema.

"Alikikaza sana. Nilimuuliza. Akasema ni watoto walichezea."

"Munene hana watoto wadogo," Runji alisema.

Kagwiria alikifunga kitufe ndani ya leso. Alikuwa amefika mlangoni aliporudi. "Koome, seti ya gari inameza sauti ya woki-toki. Inaimeza kila mahali?"

"La. Inategemea wewe unayesikiliza uko wapi. Yule aliye karibu nawe ndiye utamsikia, hata akiwa mnyonge. Kituoni kwao, kama gari lilikuwa karibu, wangesikia gari. Lakini mtu aliye karibu na huyo marehemu angesikia marehemu."

Kagwiria alitia leso mfukoni. "Elphas ameandikisha kwamba alisikia mvumo tu," alimwambia Runji. "Mpaka jioni."

Kesho yake asubuhi Munene aliitwa Embu kuandikisha maelezo, akaenda na konstebo wawili. Gari lake likabaki. Fundi Koome alikuja mwenyewe kurudisha seti mahali pake, na likaegeshwa kando ya ukuta wa kanisa, maiki imekazwa kwa kipande cha tyubu. Veronicah alirudishiwa funguo akaketi mbele ya seti ya ofisini. Runji alitangulia msituni na woki-toki ya Kivuti, betri mpya ndani. Kagwiria alimwambia Elphas ampeleke mahali alipokuwa siku ile.

Elphas alikuwa mrefu, mwembamba, na hakuzungumza njiani. Walipita mianzi, wakapita visiki vibichi vya muthaiti ambavyo bado vilitoa harufu ya dawa. Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha. Kagwiria aliteleza mara kadhaa kwenye tope, na kila mara Elphas alimshika mkono akamwinua bila neno.

"Mlikuwa mnapatana na Kivuti?" alimuuliza.

"Tulitahiriwa pamoja."

Walifika kwenye mgongo wa mlima, penye jiwe pana. Elphas alisimama. "Nilikuwa hapa."

"Washa redio yako."

Akaiwasha. Ikatoa mvumo. Kagwiria alisikiliza. Kwa mbali, ndani ya mvumo, kulikuwa na kitu kama upepo kwenye paa la mabati.

"Ni hivi tu ilikuwa," Elphas alisema. "Mpaka jioni."

"Tungoje."

Wakangoja. Matone yalidondoka kutoka kwenye majani. Kisha mvumo ulikatika, na sauti ya Sajini Runji ikatoka wazi kabisa, kama ya mtu aliyejificha nyuma ya mti.

"Dharura, dharura, dharura. Runji anaita kituo. Niko kwa kijito, mahali Kivuti aliangukia. Dharura..."

Mkono wa Elphas ulikwenda kwenye redio ukaizima. Hakuna aliyemwambia aizime. Akabaki ameishika, akiitazama.

"Washa," Kagwiria alisema.

Elphas hakuwasha.

"Elphas, ile siku uliizima?"

"Sikuizima." Alikaa juu ya jiwe. "Ingekuwa heri ningeizima."

"Uliambiwa nini asubuhi?"

"Bwana Munene alinipa zamu ya huku juu. Akasema nikisikia msumeno huko chini, ni watu wake wanapakia lori, nisiteremke. Kivuti naye, Bwana Munene alimtuma upande wa Manyatta, mbali. Lakini Kivuti alisikia msumeno akarudi. Yeye alikuwa hivyo."

"Halafu?"

"Akaita kituo. Akasema dharura vile tumefundishwa, mara tatu, anangoja, mara tatu, anangoja. Akasema ni watu wanne na wamemwona. Hakuna mtu alimjibu. Halafu akaacha kuita kituo." Elphas alijipangusa uso kwa mkono wenye tope. "Akaanza kuniita mimi. Kwa jina. Alijua niko huku juu. Alisema, Elphas, najua unanisikia. Elphas, teremka. Elphas, hata piga tu kelele."

"Ungeweza kumjibu?"

"Ningebonyeza tu."

"Mbona hukubonyeza?"

"Wangesikia sauti yangu kwa redio yake. Wangejua kuna mtu amesikia. Walikuwa wanne, Madam, na mimi niko peke yangu na rungu." Aligeuza redio mkononi. "Aliniita mpaka akaacha."

Kagwiria alifungua daftari lake. Kisha akaomba majina. Elphas alimtajia mawili, wote wapasuaji mbao wa Kathima, watu ambao jioni ya mazishi walikuwa wamesimama kwenye foleni ya chakula. Wengine wawili hakuwajua. Alipomaliza, alinyoosha mikono yake yote miwili mbele kabla Kagwiria hajatoa pingu.

Chini ofisini, Veronicah aliripoti kwamba kwake kulikuwa na upepo na kengele ya shule tu. Sauti ya Runji haikumfikia hata kidogo. Aliuliza kama sasa anaweza kuambia watu. Kagwiria alimwambia aambie kila mtu.

Munene alikana mpaka kile kitufe kilipowekwa juu ya meza mbele yake, mkuu wa kituo cha polisi akishuhudia. Alikitazama, kisha akaomba maji.

"Nilitaka lori lipite tu," alisema. "Walinzi wasiripoti mpaka lishuke barabarani, basi. Nimefanya hivyo mara nyingi na hakuna mtu ameumia. Sikumgusa Kivuti, Inspekta. Andika hapo, sikumgusa."

"Nitaandika."

"Nilimtuma mbali makusudi, asiumie."

"Hilo nalo nitaandika. Na mwenye dharura apewe njia, si ni wewe uliandika?"

Wale wapasuaji wawili walikamatwa siku hiyo hiyo, mmoja shambani kwake na mwingine kwenye stendi ya Siakago akitafuta gari la kumpeleka mbali. Panga moja lilipatikana limesuguliwa kwa mchanga. Yule wa Siakago alianza kutaja wenzake kabla hata hajapandishwa ndani ya gari la polisi.

Ilibaki nyumba ya Kivuti. Kagwiria alikwenda peke yake, akamwacha Runji barabarani. Igoki, mjane wa Kivuti, alikuwa jikoni akichemsha nduma. Watoto walikuwa nyumba kubwa kwa nyanya yao. Alimpa mgeni kigoda, akasogeza kuni motoni, akangoja.

Kagwiria alimweleza kuhusu Munene, na lori, na maiki iliyofungwa. Igoki alisikiliza akitikisa kichwa polepole.

"Kwa hivyo hakuna mtu angemsikia," alisema. "Pasta alituambia hivyo. Kwamba aliita na ni Mungu tu alimsikia. Hiyo imenisaidia kulala, madam."

Kagwiria alitazama moto. Angeweza kuishia hapo. Lakini kesi ingesomwa mahakamani Embu, na mwanamke huyu angekuwa ameketi benchi la mbele.

"Kuna mtu alimsikia, mama," alisema. "Elphas alimsikia. Kivuti alimwita kwa jina. Elphas aliogopa, hakujibu."

Igoki hakulia. Alikaa akiangalia sufuria ikichemka.

"Elphas ndiye alimvalisha suti mochari," alisema mwishowe. "Ndugu zake waliogopa yale majeraha. Nikamwomba yeye, akaenda." Akatazama kuni zilizokuwa zikiwaka chini ya sufuria, kisha zile zilizopangwa ukutani vizuri, zimepasuliwa saizi moja. "Na hizi ni zake. Analeta kila jioni."

Aliinuka. Aliipua sufuria akaiweka sakafuni, nduma zikiwa bado hazijaiva. Kisha akavivuta vijinga kutoka mafigani kimoja kimoja, kwa mkono mtupu, akavitupa nje mlangoni kwenye mvua. Kagwiria alisimama kumsaidia, lakini Igoki alimtikisia kichwa. Alimaliza vile vilivyokuwa vikiwaka, akaanza kutoa zile kuni za ukutani.